Je, Mwovu Naye Apewe?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Ukichimba kisima mbele ya nyumba yenu ukauachia mtaa mzima uchote, utaweka mlinzi wa kumuuliza kila mwenye ndoo, "Haya maji unakwenda kuyafanyia nini?"

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne, nikanunua kompyuta ya mtumba, na humo naandika riwaya ambayo mama anaiita "hayo mambo yako". Naiandika kwa LibreOffice, programu ambayo sikuilipia hata senti. Nikataka kujua kwa nini. Ndipo nikaanza kusoma leseni, kitu ambacho wengi wetu tunakimaliza kwa kubonyeza "Nakubali".

Huko nikakutana na kisa. Mmarekani Douglas Crockford, yule aliyeutangaza mtindo wa JSON ambao programu hutumia kupashana habari, alitoa programu zake kwa leseni ya mwaka 2002. Tumia, nakili, badilisha, hata uza. Akaongeza sentensi moja tu: itumike kwa wema, si kwa uovu.

Ungedhani atapigiwa makofi. Wapi! Watu wa Debian, mradi ulioanza mwaka 1993, husoma leseni ya kila programu kabla ya kuipokea, na huiandika katika faili linaloandamana nayo. Kanuni zao za mwaka 1997 zinasema leseni isibague mtu, kundi wala aina ya kazi. Wakaikataa. Shirika la Free Software Foundation, lililoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1985, nalo likaiandika upande wa leseni zisizo huru. Kwao uhuru wa kwanza (wanauhesabu namba sifuri, sijui kwa nini wasianze na moja kama watu) ni kuitumia programu kwa kazi yoyote ile.

Nilikasirika, sikufichi. Yaani mtesaji naye apewe chombo bure, kisa kanuni?

Lakini wema wa nani? Mwandishi aliyefungwa kwa alichoandika ni mwovu machoni pa aliyemfunga. Wenzetu wa Debian wana mtihani wanaoutumia kupima leseni: mfikirie mpinzani anayeishi chini ya utawala wa mabavu, hawezi kujitaja jina. Je, leseni inamlazimisha ajitokeze? Kama inamlazimisha, si huru. Upo na mtihani wa mtu aliyekwama kisiwani peke yake: asidaiwe kumrudishia mwenyewe marekebisho aliyoyafanya, kwa sababu hana njia ya kuyatuma. Hapo nikaelewa. Aliyeandika neno "wema" kwenye leseni amejifanya hakimu, hata kama hakukusudia. Na anayemwogopa hakimu huyo ni mwaminifu. Mwizi hasomi leseni. Crockford mwenyewe amesimulia hadharani kwamba mawakili wa kampuni moja kubwa walimwomba kibali, maana hawakuweza kuahidi wema kwa niaba ya wateja wao. Akawapa ruhusa ya kutenda uovu! Watu walicheka sana.

Mimi sikucheka sana. Mwaka jana niliwapa washikaji hadithi yangu fupi, nikasema someni, toeni kopi, gaweni. Jamaa mmoja akabadilisha jina la mhusika, akaweka la binti wa jirani, akaibandika ukutani kijiweni. Binti yule hakutoka nje wiki nzima. Nilikwenda kumwomba radhi, akaniuliza, "Wewe si ndiye uliyesema wagawe?" Sikuwa na jibu. Kanuni za Debian ningezisimamia mbele ya hakimu yeyote, ila pale mlangoni kwao sikuweza.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa riwaya nilikuwa nimeandika: "Isitumiwe kumuumiza mtu." Nimeifuta mara mbili, nikairudisha. Hadi naandika haya, bado ipo.