Je, Ni Dhambi Kuunda Mfano wa Silaha?



Juzi mlezi wangu aliingia chumbani, akaona kitu juu ya meza, akaniuliza: "Frateri, hiki nacho kinahusiana vipi na wito?" Ilikuwa helikopta ya plastiki, Alouette III, kipimo cha 1 kwa 72, urefu wake kama sentimita 14. Nilimjibu kwa utani, akacheka, akaondoka. Lakini mimi sikucheka sana, kwa sababu babu yangu alikuwa ameshaniuliza swali gumu zaidi kuhusu kitu hicho hicho.

Nianze na raha yenyewe, maana nikiificha nitakuwa mnafiki. Boksi niliachiwa na padre mmoja mmisionari alipokuwa anarudi kwao. Ndani kulikuwa na helikopta ya Kifaransa ya kuokoa watu milimani. Mimi nikaigeuza. Nilikuwa nimesoma kwamba jeshi la anga la Rhodesia liliitumia Alouette hiyo hiyo kwa vita, na moja ya aina zake iliitwa K-car, ambapo K ilisimama kwa neno la Kiingereza la kuua. Basi nikang'oa milango, nikapanga viti upya, nikajaza nyufa kwa pati na kupiga msasa. Ubavuni kushoto nikaweka mzinga. Ule wa kweli ulikuwa wa milimita 20, kwa hiyo kwenye kipimo changu mtutu wake ni mwembamba kuliko kijiti cha meno. Niliutengeneza kwa sindano ya sirinji. Ulipokaa sawa nilishangilia peke yangu saa tano usiku, wakati taa zilitakiwa ziwe zimezimwa.

Kwa nini Rhodesia? Wanaopenda mifano hii watanielewa. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya wazungu wachache chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kutoka Uingereza ili Waafrika walio wengi wasishike madaraka. Ikawekewa vikwazo, ikabidi iunge-unge. Walitengeneza magari yenye tumbo la umbo la V ili mlipuko wa bomu la ardhini upite pembeni. Kuna moja liitwalo Pookie, jina la komba, lililoundwa kwa vipuri vya Kombi likavalishwa matairi mapana ya magari ya mashindano, ili lipite juu ya bomu bila kulilipua huku likilitafuta. Yaani ni akili tupu! Ukitaka kuunda mfano wake, mara nyingi boksi hulipati. Unakata toy hii, unaunga na ile, kama walivyofanya wao. Hapo ndipo utamu ulipo, na nadhani hapo hapo ndipo penye mtego.

Likizo nikaipeleka nyumbani. Sisi ni watu wa Kilolo, Iringa, si mbali na Mgagao. Miaka ya 1970 pale palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe, wa ZANLA. Babu aliishika helikopta kwa vidole viwili, akachungulia ndani.

"Dereva yumo."

"Ndiyo, babu."

"Na mpiga risasi yumo."

"Yumo, babu."

"Sasa mjukuu wangu, hao anaowapiga umewaweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia anawakumbuka vijana wale walivyokuwa wakija kununua viazi, Kiswahili chao cha kuvunjika, halafu wakawa hawaonekani tena. Waliambiwa wamekwenda Msumbiji.

Nilikuwa nimeshasoma kuhusu Msumbiji, ila nilisoma kwa jicho la fundi. Tarehe 23 Novemba 1977, asubuhi, ndege za Rhodesia zilishambulia kambi za ZANLA karibu na Chimoio. Zilikuwepo Hunter, Canberra na K-car. Walikufa watu zaidi ya 1,000, wapiganaji pamoja na wanawake na watoto. Mimi nilichokuwa nimekariri ni aina za mabomu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino ana tofauti moja iliyonisaidia, na imenibana pia. Katika Summa, Sehemu ya Kwanza ya Pili, swali la 74, anasema anayewaza uzinzi anaweza kufurahia kuwaza kwenyewe, kama mtu anayetaka kuhubiri au kujadili, au anaweza kufurahia ule uzinzi anaouwaza. Ya kwanza si dhambi kwa yenyewe. Ya pili ni moyo umeshaegemea huko. Basi, nikajiambia, mimi nafurahia gundi na msasa, siyo kuua. Nimepona!

Lakini babu hakuniuliza nafurahia nini. Aliuliza nimeacha nini. Mtu mzima kwenye kipimo cha 1 kwa 72 ana sentimita 2.4 hivi. Niliweza kupima mtutu wa nusu milimita, ila watu wa sentimita mbili hawakunijia hata akilini. Furaha ya fundi ilibaki safi kwa sababu nilikuwa nimeshawaondoa wale ambao wangeichafua. Na usifikiri rangi ni kitu cha nje tu. Agosti 9, 1976, kikosi cha Rhodesia kiliingia kambi ya Nyadzonya, Msumbiji, kwa magari yaliyopakwa alama za FRELIMO, kisha kikawafyatulia risasi watu waliokusanyika. Pale brashi ilikuwa sehemu ya mauaji.

Utaniambia, na wapigania uhuru je? Kweli. Septemba 3, 1978 ZIPRA walitungua ndege ya abiria, na manusura 10 wakapigwa risasi chini. Haki ya madai yao haikuufanya mkono ule kuwa msafi. Hilo nalo nalishika.

Kinachoniuma zaidi kama Mkatoliki ni kwamba Smith alisema anaulinda Ukristo. Askofu Donal Lamont wa Umtali alimpinga waziwazi, akahukumiwa 1976, akafukuzwa nchini 1977. Na alama zile hazijafa. Kijana aliyewaua waumini 9 kanisani Charleston, Marekani, mwaka 2015, alikuwa amepigwa picha na bendera ya Rhodesia kwenye jaketi lake. Ndiyo maana ile stika ya simba mwenye pembe ya ndovu bado iko kwenye karatasi yake. Sijaibandika.

Helikopta sijaitupa. Mlezi alisema amua mwenyewe, lakini uamue ukiwa umesali. Kwa sasa nachonga watu kwa vijiti vya plastiki vilivyobaki kwenye boksi. Nimefikisha 17. Ni kazi ngumu kuliko mzinga, hasa mikono. Nilimpigia babu simu kumweleza. Akauliza kama kuna aliyebeba kiroba cha viazi.

Nikamwambia bado, babu. Namwanza leo.