Kadhi wa Cordoba na Suala la Maumbile ya Mwanamke

Swali la iwapo tofauti ya hadhi kati ya mwanamume na mwanamke hutokana na maumbile au na mazoea ya jamii ni kongwe kuliko taaluma ya jinsia inayofundishwa leo vyuoni, na mmoja wa waliolichimba kwa makini alikuwa kadhi, yaani hakimu wa sheria ya Kiislamu. Huyo ni Ibn Rushd, aliyezaliwa Cordoba, katika Andalusia, mwaka 1126, akashika ukadhi Seville na kisha katika mji wake wa kuzaliwa, na kufariki Marrakesh mwaka 1198.

Urithi alioupata kutoka kwa Wagiriki ulikuwa wa pande mbili zinazopingana. Aristotle, ambaye Ibn Rushd alimtukuza kuliko mwanafalsafa mwingine yeyote, alishikilia kwamba mwanamke anao uwezo wa kupima mambo kwa akili, ila uwezo huo hauna mamlaka; Plato naye, katika sehemu ya tano ya kitabu chake kuhusu dola, aliuliza kama mbwa jike wa ulinzi huachwa nyumbani kwa kuwa huzaa, au hutoka kuwinda pamoja na madume, na kutokana na mfano huo akahitimisha kwamba mwanamke mwenye kipawa afunzwe kuilinda na kuitawala dola. Ibn Rushd alipoandika sharhi, yaani ufafanuzi, ya kitabu hicho, aliikubali hoja ya Plato, kisha akaigeukia miji ya zama zake mwenyewe. Katika miji hiyo, alisema, uwezo wa wanawake haujulikani, kwa sababu wamewekwa kwa ajili ya kuzaa, kulea na kuwatumikia waume, hata wakafanana na mimea. Na kwa kuwa ni wengi ilhali hawakuandaliwa kwa kazi za msingi, isipokuwa chache kama kusokota na kufuma ambazo huzishika wanapohitaji riziki, wamekuwa mzigo kwa wanaume, na hiyo ni mojawapo ya sababu za umaskini wa miji.

Uzito wote umo katika neno "haujulikani". Anayedai kwamba mwanamke hawezi jambo fulani huleta ushahidi kwamba hajaonekana akilifanya. Lakini hajaonekana kwa sababu alizuiwa, na kizuizi chenyewe kilitetewa kwa dai kwamba hawezi, hivyo hoja inazunguka palepale kama ngamia wa kinu cha mafuta aliyefungwa macho. Mwaka 1869 Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha kupinga kutiishwa kwa wanawake, alifika karibu na hapo, naye pia kwa mfano wa mmea: mti ambao upande wake mmoja umelelewa katika joto na mwingine katika theluji, kisha aliyeulea akasema ndivyo ulivyo kwa asili.

Sharhi hiyo ina upungufu wake, kwani inamtetea mwanamke kwa hasara ambayo mji unaipata zaidi kuliko kwa haki ambayo yeye anaikosa, na msomaji mkali anaweza kuiona kuwa hesabu ya mwenye mali. Hata hivyo, mwandishi wake aliijua pia fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, na katika kitabu chake cha fiqhi, Bidayat al-Mujtahid, alizipanga rai tatu kuhusu mwanamke kuwa kadhi. Wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, walikataa, wakiulinganisha ukadhi na uongozi mkuu wa umma. Mwanazuoni Abu Hanifa aliruhusu katika mashauri ya mali, kwa kuwa humo ushahidi wa mwanamke hupokewa. Na mwanazuoni Tabari aliruhusu katika mashauri yote, kwa msingi kwamba yeyote awezaye kuamua kati ya watu hukumu yake ni halali. Ni rai ya Tabari pekee inayoanzia kwenye uwezo, na hapo ndipo sheria inapokutana na ile sharhi ya Plato. Kanuni mashuhuri ya mahakama ya kadhi ni kwamba ushahidi hudaiwa kwa mdai. Na katika shauri hili mdai ni yule asemaye kwamba mwanamke hawezi.