Ni Nani Aseme Nyumba Ni Salama?

Kimbunga kilichoupiga mji wa Lindi mwezi wa Aprili 1952 hakikukuta kamati ya maafa. Hidaya, kilichofika pwani ya kusini Mei 2024 na kuikata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, kilikuta sheria ya mwaka 2022 imekwisha kuzishusha kamati hizo hadi vijijini. Lakini mwenye nyumba wa Nachingwea au Ruangwa ambaye ukuta wake umechanika kwa mvua, na wanawe wamehifadhiwa kwa jirani, ana swali moja tu, nalo halijibiwi kwa cheo cha mjumbe: je, leo nilale ndani?

Ajibuye swali hilo hutoa shahada juu ya jambo ambalo nusu yake i gizani, ndani ya ukuta na chini ya msingi. Mafakihi wa Kiislamu waliamua zamani kuwa ajitiaye utabibu, hali hajulikani kwa ilimu ya tiba, hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta, ijapokuwa nia yake ni safi, ilhali tabibu hodari aliyefuata kanuni za kazi yake akakosea hana dhambi. Naona hukumu hiyo yawahusu barabara mtu wa kujitolea na ofisa wa kata, kwani huruma humtoa mtu kwake usiku wa manane kwenda kumwauni mwenziwe, wala haimwonyeshi nguzo iliyoliwa na mchwa.

Nguzo hiyo huonekana kwa aliyefundishwa kuchimbua udongo kidogo pale mti unapoingia ardhini, kisha kuuchoma kwa ncha ya chuma. Hufundishwa pia kuizunguka nyumba kwanza kabla ya kuingia, kutazama kama imeinama, kama maji yamekula msingi, na kama ufa katika matofali ya kuchoma umeanza pembeni mwa dirisha ukashuka mshazari. Baada ya hayo, kwa utaratibu uliotungwa California mwaka 1989, hubandika kadi: kijani, kaa; nyekundu, usiingie; njano, ingia kwa mipaka iliyoandikwa, pengine kutoa vitu tu. Mimi naistahi njano kuliko zote, maana ndiyo inayompa mkaguzi ruhusa ya kukiri shaka yake hadharani.

Wala asidhani mtu kwamba nyekundu ni kimbilio la mwoga. Kumtoa mjane chini ya bati lake wakati wa mvua, magunia yake ya korosho yakabaki ndani, kwa sababu mkaguzi hakujua kutofautisha ufa wa lipu na ufa wa ukuta, ni dhuluma kama nyingine.

Nachingwea, zaidi ya mahali pengi, yajua thamani ya neno la mtaalamu asiyeijua ardhi. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 kwa hakika kubwa ukafika hadi huko, ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake ikang'olewa baadaye.

Kwa hiyo nawasihi madiwani, masheikh na mapadri wa wilaya hizi mbili: wachagueni mafundi uashi na maseremala wanaoujua udongo wa kwao, wakafundishwe pamoja na maofisa wa kata, na kazi hiyo ifanyike kabla ya mvua za Desemba.