Kujitibu Si Kuacha Kutawakali



Ndugu zetu Waislamu! Tulipokwenda Kitengela, katika Kajiado, kuwazuru watu wetu waliohamia huko kutoka pwani, tulipelekwa kwa bibi mmoja mwenye uvimbe wa ziwa. Shingoni ana hirizi, na kando yake pana bakuli la kombe. Tukamwuliza: "Mama, umekwenda hospitali?" Akatujibu: "Sheikh, mimi nimetawakali." Na miezi minane imekwisha pita.

Je, huko ndiko kutawakali? Mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama yafaa wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawajulisha kwamba kila ugonjwa una dawa yake ila uzee. Hakuwaambia wakae wangoje.

Tena tazameni ajabu ya Mola. Ametia katika damu zetu chembe askari, ambazo kazi yao ni kuua chembe zilizoharibika. Lakini saratani ni mnafiki: imetoka katika mwili wetu wenyewe, imevaa nguo zetu, na mara nyingi askari huipita wasiitambue. Mwaka 1975, huko Cambridge, Köhler na Milstein walipata njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tupu. Kwa njia hiyo ikapatikana dawa ya trastuzumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998. Ncha zake mbili hushika alama iitwayo HER2, iliyozidi katika saratani ya ziwa ya kadiri ya mgonjwa mmoja kwa kila watano. Na mkia wake humwita askari aje aue. Dawa yaonyesha adui, na askari ni wale wale tuliozaliwa nao!

Ghali? Mwaka 2025 Serikali ya Kenya na kampuni ya Roche zilikubaliana bei ya kila dozi ishuke kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, zilipwe na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Lakini sharti mtu ajiandikishe, na nyama ya uvimbe ipimwe mapema.

Sisi twachinja ng'ombe kwa arubaini ya maiti, na aliye hai hukosa nauli ya kwenda Nairobi! Bibi yule amekubali kwenda. Shifa ni ya Mwenyezi Mungu. Nauli ni juu yetu.