Je, Bendi Kongwe ni Ileile?

Bendi kongwe inapopanda jukwaani, mara nyingi wengi wa waliorekodi nyimbo zake za kwanza wamekwisha kufa. Mpenzi wa zilizopendwa aliyelipa kiingilio mjini Kakamega humkuta kijana akiimba nafasi ya marehemu, huku gita likipigwa na mtu ambaye hakuwa amezaliwa wimbo ulipotoka. Hapo huzuka swali la kifalsafa: aliyeko jukwaani ni nani hasa?

Swali hilo ni la kale. Plutarch alisimulia merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni ileile. Mwaka 1655 Thomas Hobbes alizidisha utata: tuseme mtu aliziokota mbao kuukuu akaunda nazo chombo cha pili, kipi sasa ni merikebu ya Theseus? Muziki wa Afrika Mashariki ulilipitia fumbo hilo kwa vitendo. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walikuwa nguzo za Simba Wanyika iliyovuma Nairobi miaka ya 1970. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walichomoka wakaanzisha Les Wanyika. Jina la awali lilibaki kwa ndugu hao, mbao zikahama. Katika muziki wa roki, kundi la Marekani la Lynyrd Skynyrd liliendelea na maonyesho hata baada ya Gary Rossington, mwanzilishi wa mwisho aliyesalia, kufariki Machi 2023.

Kinacholifanya swali hili liume ni santuri. Mwanafalsafa Theodore Gracyk alidai mwaka 1996 kwamba katika roki kazi yenyewe ya sanaa ni ile iliyorekodiwa. Onyesho huja baadaye. Hoja hiyo inawafaa pia Wanyika, ambao wengi waliwajua kwa redio kabla ya kuwaona. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mtu aliye hai hupimwa kwa sauti iliyogandishwa, na mzee aliyeutunga wimbo hulaumiwa kwa kutofanana na ujana wake mwenyewe. Lakini santuri haioni watu. Haiwezi kulirefusha sebene kwa kuwa wachezaji wamekolea, wala kumjibu anayepiga kelele kutoka nyuma. Anayekwenda kuiona bendi ili asikie santuri neno kwa neno amekosea njia; angebaki nyumbani.

Kakamega ina muziki ambao haujaingia katika mtego huo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, kwenye harusi, matanga na sherehe nyingine. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hatari inayoikabili ni kukosa warithi. Hakuna anayeuliza kama wapigaji wa leo ndio wale wa kwanza, maana hapakuwa na sauti moja iliyotangazwa kuwa ndiyo halisi.

Mila ya majina ya Waluhya, jamii ya hao Waisukha na Waidakho, inasaidia kujibu swali la bendi zaidi kuliko merikebu. Mtoto hupewa jina la ndugu aliyefariki, na wanaompa ni watu waliomjua marehemu. Hadaiwi sura ya babu wala kumbukumbu zake. Anadaiwa kuliendeleza jina ndani ya ukoo. Kwa bendi, basi, kipimo kingekuwa hiki: je, waliopo walipokezwa kazi na waliotangulia, au jina limenunuliwa tu?

Kipimo hicho nacho kina mipaka. George Mukabi wa Kisa, bingwa wa mtindo wa gita uitwao omutibo, alifariki mwaka 1963. Mwanawe, Johnstone Mukabi, huzipiga nyimbo za baba yake, na hakuna msikilizaji anayedanganyika kuwa amemwona George. Mtu mmoja hawezi kurithiwa kama kundi linavyorithiwa. Anachoweza kuacha ni mtindo, na mtindo wa omutibo hata haukuwa wake peke yake: Abana ba Nasery wa Bunyore jirani nao waliutia gita na chupa ya soda iliyokwaruzwa.

Mfano ulio wazi zaidi wa bendi iliyorithiwa uko Dar es Salaam. Bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz iliitwa baadaye JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Jina lilibadilika, watu wakabadilika, na hata Muhidin Maalim Gurumo, mmoja wa waanzilishi, aliondoka kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi. Alifariki mwaka 2014. Lakini kila mgeni alijifunza kazi kwa kukaa kando ya mwenyeji. Kwa hiyo Msondo ni ileile ya 1964, na bendi ya kukodi inayobandika jina maarufu kwenye bango bila mtu yeyote aliyelelewa ndani yake ni bendi nyingine.