Jicho Lisitangulie Kisu

Mpwa wangu anataka kufunga darubini kwenye gobore, lile tulilonalo kwa kibali, na ameniuliza anunue ya kukuza mara ngapi. Hapa Ipuli wapo watakaomjibu kwa bei. Mimi naona ni swali la dini.

Silaha za namna hii zilipanda Unyanyembe na misafara ya kutoka Bagamoyo, zikawa mikononi mwa rugaruga wa Mirambo. Unamimina baruti mdomoni, unatia goroli, unashindilia kwa mdeki, kisha unaweka fataki. Mtutu ni laini ndani, hauna michirizi ya kuizungusha risasi, basi ikishakwenda mbali hupepesuka na kuchoka. Darubini itamsogezea palahala machoni, lakini goroli haitaongezewa nguvu hata chembe.

Kurani, katika Sura ya Maida, imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kipigo. Ndiyo maana wanazuoni walibishana kuhusu windo la bunduki. Shawkani wa Yemen, aliyefariki 1834, alisema risasi hutoboa, kwa hiyo aliyepigwa kwa jina la Mungu ni halali. Nakubaliana naye kabisa. Ila goroli iliyochoka je, inatoboa au inagonga tu? Na ukishafyatua, moshi umekufunika, hujashindilia tena, mnyama ameingia miombo na jeraha lake. Akiwa hai ni wajibu umfikie umchinje. Mtume alimfundisha Adiy bin Hatim kwamba windo likikutwa limezama majini lisiliwe, kwa kuwa hujui kilichoua ni maji au mshale wako. Shaka ikiingia, nyama inaachwa. Sasa kwa nini mtu anunue kifaa cha kumpeleka kwenye shaka?

Kuna hoja moja inayonigusa, maana macho yangu yamefifia. Porini kwetu wamo warina asali na akina mama wachuma uyoga, na darubini inaweza kukuonyesha kitambaa cha mtu nyuma ya mnyama. Uhai wa mtu mmoja unatosha kuihalalisha. Colorado, huko Marekani, hawairuhusu katika msimu wa bunduki za kushindilia. Mimi sifiki huko.

Nimemwambia achukue ndogo, isiyozidi kukuza mara mbili. Kabla ya kwenda porini asimamishe ubao mkavu mbele ya kichuguu, apige, arudi nyuma, apige tena. Goroli itakapoacha kutoboa ubao, achimbie kigingi aliposimama, na hatua kutoka pale hadi ubaoni azihesabu mwenyewe.