Je, Mtu Mmoja Anaweza Kuokoa Wimbo wa Watu Watatu?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu huitumia kumalizia insha bila kuipima. Mimi nataka kuipima kwa kisa cha mzee mmoja wa Georgia, nchi ndogo ya milima ya Caucasus.

Waimbaji wa huko huimba kwa sauti tatu zinazotofautiana. Mashariki, katika eneo la Kakheti, waimbaji wawili huongoza juu ya sauti nzito inayovutwa na kundi zima. Magharibi, katika Guria, kila sauti hushika njia yake, na mwimbaji anaweza kubuni papo hapo mradi asiwapoteze wenzake. Nyimbo hizo huimbwa kwenye karamu, shambani na kanisani. Mwaka 2001 UNESCO iliutangaza uimbaji huu kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi simulizi wa binadamu.

Mzee ninayemzungumzia ni Artem Erkomaishvili wa Guria, aliyezaliwa mwaka 1887. Alikuwa bingwa wa nyimbo za kanisa. Utawala wa Kisovieti ulipoibana dini, nyimbo hizo zilikosa pa kuimbiwa, na wenzake aliozoea kuimba nao wakafariki. Mwaka 1966, akikaribia miaka 80, alirekodiwa katika chuo cha muziki cha Tbilisi. Aliimba sauti ya kwanza. Akachezewa kanda, akaimba ya pili juu ya sauti yake mwenyewe, kisha ya tatu. Alifanya hivyo kwa nyimbo zaidi ya 100. Mwaka uliofuata alifariki.

Je, kidole kimoja kimevunja chawa? Wapo watakaosema ndiyo, kwa kuwa bila kanda zile nyimbo nyingi zingezikwa naye. Hoja hiyo ina nguvu na siipuuzi. Hata hivyo, wimbo wa sauti tatu ni mapatano: nashuka kwa sababu wewe umepanda, nakungoja unapovuta pumzi. Sauti iliyokwisha kurekodiwa haimngoji mtu. Mzee aliweza kuifuata sauti yake ya awali, lakini yenyewe haikuweza kumfuata yeye. Nyimbo zilihifadhiwa, kusikilizana hakukuhifadhiwa.

Kwa hiyo naziona kanda zile kama amana, na amana humfunga anayeipokea. Wapo walioipokea. Mjukuu wake, Anzor, alianzisha kundi la Rustavi mwaka 1968, na baada ya uhuru wa mwaka 1991 nyimbo za kanisa za jadi zilirudi kuimbwa makanisani. Watu watatu wanaposimama pamoja na kusikilizana, ndipo kazi ya yule mzee inapokamilika. Methali haikukosea.

Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa fasihi simulizi. Tunakwenda vijijini na simu zetu, tunawarekodi wazee, tunaandika ripoti na kupata alama. Kisha faili zinalala. Naamini anayemrekodi mzee anachukua deni, na deni hilo halilipwi kwa ripoti. Hulipwa siku tutakapojifunza angalau sauti moja na kumtafuta mwenzetu wa kuimba ya pili.